Gari Yenye Basoda Balirudisha

Mujukuu wangu Kavira,

Huku Kimemi tuko salama, mama yako anakusalimia sana. Unauliza kama uuzishe gari yako, juu inazimika kila siku. Naelewa, hata yangu ilinichokesha.

Wakati wa vita niliuzisha mbuzi mbili kwa kulipa fundi. Akasema, "Iko bien." Lakini ikazimika tena mu njia ya Beni. Basoda, bale maaskari ba vita, bakainyanganya, bakaisukuma, ikawaka, bakaenda nayo. Nikalia, juu ndiyo ilikuwa inatulisha.

Kisha nikabaona banarudi, banaisukuma, jasho tele. Chef yao, mukubwa wa bale basoda, akafoka: "Papa, unatembeaka na hii namna gani?"

"Kwa kusukuma, chef."

Akacheka, akanirudishia funguo. Nikajaribu, ikakataa. Bale basoda bakanisukuma mpaka ikashika.

Yako usiiuzishe bado. Badilisha kwanza fundi.

Koko yako