Kidole cha Baba

Kitale, Jumamosi, Agosti 1953

Karatasi imerudi bila muhuri. Mjomba Wekesa ameileta leo kutoka Jinja, ambako yeye na Baba wanajenga bwawa. Ina alama ya kidole cha Baba tu. Bila muhuri wa afisa wa kule, chuo cha ualimu hakitaamini kwamba Baba ameniruhusu, na nafasi yangu atapewa mwingine.

"Baba yako aliwaita watu wetu wote wa kambini," Mjomba alisema akinywa uji. "Tukaomba, akabonyeza kidole mbele yetu. Kesho yake afisa akakataa. Ati lazima akione kidole kikibonyezwa."

"Baba alisemaje?"

"Aliuliza, kwani huyo afisa ni wa ukoo gani, hata ashuhudie mambo ya binti yangu kutupita sisi?"

Shangazi, ninayekaa kwake, alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikatoka nje.

Jumatatu Mjomba atarudi Jinja na karatasi safi. Nimemsihi amwambie Baba asiiguse mpaka afike mezani kwa afisa. Naogopa tutakuwa tumechelewa.

Ile iliyoharibika nimeomba nibaki nayo. Sijamwona Baba tangu Krismasi ya mwaka juzi. Katikati ya alama kuna mstari mweupe, kovu la panga, alipojikata akinimenyea muwa nyumbani Kamukuywa. Nimeweka kidole changu juu yake. Chake kimebaki kikionekana pande zote.