Kwa Baba Yetu Josiah Amphlett, Aliyesubiri Gari Linyamaze

Mwaka umetimia, Baba, tangu kifua kile kikuondoe kwetu, na koti lako la mvua bado limetundikwa nyuma ya mlango. Mama hataki liguswe.

Coventry nzima ilikuona ukipita kila asubuhi ukijaribu gari la kiwanda lisilo na bodi, fremu na injini tu, wewe umekaa juu ya boksi la mbao, bila paa wala kioo cha kukukinga. Mvua ilikupiga wewe ili matajiri wasilowane. Mama alikuwa akikupangia magazeti kifuani chini ya koti huku akinung'unika, "Huyo mke wako wa chuma hata shuka hana." Nawe ukimjibu, "Tena ana kelele kukushinda, Keziah. Ningekuwa na hiari, ningemrudisha kwao." Tulicheka, lakini hiari hukuwa nayo.

Ulikuwa fundi saa mpaka kazi ya saa ilipokufa mjini kwetu, na sikio lile la saa ndilo lililokutia kifungoni. Kiwanda cha magari kilikuajiri ulisikilize gari mpaka liende kimya kabisa. Msimamizi wako, Bwana Thackray, alikuahidi kwamba siku utakayosema limenyamaza, mkataba utakwisha na utaachiwa uende zako. Mjomba Noah alikuwa anakusubiri Kenilworth kwenye duka lake la baiskeli, jina lako ameshaliandika mlangoni. Basi ulipanda kilima cha Edge Hill, ukashuka, ukarudi kusema kuna kitu kinagonga. Wakafungua, wakakaza. Ulipopanda tena ukasikia kingine, kidogo zaidi.

"Sema limenyamaza, Baba," nilikuambia ulipoanza kukohoa. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi utafia juu ya hilo boksi."

"Acha kunitisha, Hester. Nimiminie chai."

Nilikukasirikia, na hasira yenyewe haijaisha.

Nasi tulifungwa pamoja nawe, maana hata nyumbani sikio lako halikupumzika. Tulikula kwa vijiko vya mbao, tukatembea na soksi, na saa ya jikoni ikahamishiwa chooni uani. Hata hivyo hukuwa mtu mkali. Saa za majirani ulizitengeneza bure, na Jumapili ulitangulia kanisani kutia mafuta bawaba za mlango, usije ukausikiliza mlango badala ya mchungaji.

Siku ya mazishi kiwanda kilituletea gari lililokamilika, lenye vioo na viti vya ngozi. Wewe hukuwahi kuketi ndani ya gari la namna hiyo. Bwana Thackray aliliendesha mwenyewe. Kando yake alikaa Wilf Tansley, aliyerithi boksi lako, naye alikuwa anakohoa kikohozi tulichokijua. Nje mvua ilinyesha, sisi tumekauka.

Karibu na makaburi tulisikia sote kitu kinagonga, Mama, mimi na ndugu yangu George. Tik, tik, nyuma upande wa kushoto. George akafungua mdomo. Mama akamfinya goti.

Bwana Thackray akageuza shingo. "Mama Amphlett, wewe umeishi na sikio la marehemu. Hebu niambie kweli, limenyamaza?"

Wilf alikuwa anamtazama Mama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Limenyamaza," alisema Mama, aliyekuwa amelia asubuhi nzima. "Hakuna kitu humo, Bwana Thackray. Sasa mwachie huyu aende zake."

Wilf yuko Kenilworth kwa Mjomba Noah, na kikohozi kimepoa. Jina lako halijafutwa mlangoni, lake limeandikwa chini yake.

Unakumbukwa na mkeo Keziah. Wanao Hester na George. Shemeji yako Noah. Na Wilf, aliyeomba jina lake liwekwe hapa. Saa ya jikoni tumeirudisha ukutani. Hatutakusahau kamwe, Baba. Neno lile lilikushinda kulisema, Mama amekusemea, na ile tik tunaisikia hadi leo.