Upande wa Mlango

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14, saa nne na robo asubuhi.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko? Shemeji hajambo? Na wale wapwa zangu wawili, bado wanakula kama mchwa? Mimi mwili haujambo. Ukiniuliza habari za moyo nitakwambia subiri kwanza.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya kunisikia kwenye simu. Kwenye simu mimi ni mwongo, unanijua tangu utotoni. Ukiuliza mambo vipi, mdomo unajibu poa kabla kichwa hakijaulizwa. Karatasi hainiharakishi. Basi kaa chini, na usimpigie mtu yeyote mpaka umalize kusoma.

Nianze na mafunzo. Ile nafasi uliyonitafutia ilikuwa kweli kama ulivyosema: wiki nane za kusomea usaidizi wa muuguzi kwenye nyumba ya wazee, bure kabisa, sare juu yao, na ukifaulu kazi ipo. Nilifunga karakana yangu ya makochi nikaenda. Tulikuwa kumi na wanne, mwanamume peke yangu. Wenzangu wakanibatiza Bwana Harusi, eti nimezungukwa. Mwalimu wetu ni muuguzi mstaafu, kila mtu anamwita Sista, mwembamba, mwenye sauti ya kukemea hata akikusifu. Tulijifunzia kwenye mdoli wa plastiki mkubwa kama mtu mzima. Tulimwogesha, tukamlisha, tukamtandikia akiwa humohumo kitandani. Nilikuwa hodari, sikufichi. Mkono uliozoea kuvuta kitambaa cha kochi unatandika shuka bila kuacha mkunjo.

Siku ya tisa ilikuwa zamu ya vidonda vya kulalia, vile vinavyowapata wagonjwa wasiogeuzwa. Sista alitupeleka wodini kwa mzee mmoja aliyeletwa na watoto wake juzi yake. Alipofunua bandeji, harufu ikatoka. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilisogea karibu. Harufu ile niliijua, Dada. Ilikuwa chumbani kwa Mama mwezi mzima, na mimi nilikuwa nimehamisha kabati nikitafuta panya aliyekufa.

Hapa ndipo ninapokukosea. Mama Pacha, jirani uliyemwachia kazi ya kumwogesha Mama tangu miguu yake igome, alihama miezi mitano iliyopita. Sikukwambia. Niliona utahangaika bure, nikasema nitaweza. Na kuweza kwangu kulikuwa hivi: asubuhi namwekea beseni, sabuni na kitambaa kando ya kitanda, namwosha uso, mikono na miguu mpaka magotini, halafu natoka na kurudishia mlango ajimalizie mwenyewe. Nikigonga anajibu, "Tayari, baba." Nikibadilisha shuka namvuta akiwa amefunikwa gubigubi, macho yangu dirishani. Mtoto wa kiume utamfunuaje mama yako? Nilijua namheshimu. Kumbe mkono wake ulikuwa haufiki tena mgongoni, akanyamaza ili asinitie aibu. Tulistahiana, Dada, mpaka nyama ikaoza.

Nilitoka wodini mbio na sare yangu mpaka nyumbani. Nikamwambia Mama leo nitamtazama mgongo. Akanikagua kuanzia kola mpaka viatu, akauliza, "Umepata cheo?" Nikacheka na kulia kwa pamoja. Akajifunika uso kwa pembe ya shuka, akasema nifanye haraka. Kidonda kiko chini ya kiuno, pale kwenye kifandugu. Siku ile kilikuwa kama kiganja changu, katikati cheusi. Sitaandika zaidi. Wewe huko unawaogesha mama za watu kila siku, unajua mwenyewe.

Mtu mwenye akili timamu angekwenda kwa Sista saa ileile. Mimi niliona haya. Nisimame mbele yake, mwanafunzi wake hodari, nimwambie mama yangu mzazi anaozea ndani? Darasani sikurudi. Nikaamua kuwa fundi. Nilipobonyeza godoro la Mama nikakuta sponji limekufa, limezama katikati kama sahani. Mimi niliyekalisha nusu ya mtaa huu kwenye makochi! Kinyozi hajinyoi, walisema, na mimi ndiye huyo kinyozi. Nikachukua sponji gumu kuliko yote niliyokuwa nayo, nikalikata kwa kipimo cha kitanda, na pale kidonda kinapoangukia nikakata tundu la duara, ili kisiguse kitu. Nilipima mara tatu. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Mama alilalia kazi yangu ile siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na mbili Sista akaja mwenyewe kuuliza kwa nini nimepotea. Nilimwonyesha godoro kwanza. Hakunikemea, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliniambia taratibu kwamba kingo za tundu zinabana nyama pande zote, damu haipiti, kwa hiyo kinachobaki katikati kinakufa njaa. Tukamgeuza Mama tukatazama. Kidonda kilikuwa kimepanuka kufuata duara langu lilelile nililolikata kwa kisu.

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari, kijana mpole, alisema kimeshafika mfupani na Mama hana nguvu ya kupasuliwa. Akatupa dawa ya maumivu, akasema turudi naye nyumbani. Sikuthubutu kumuuliza muda. Sista ndiye aliyeniambia tukiwa kwenye korido: tuhesabu wiki, tusihesabu miezi.

Mafunzo kwangu yameisha. Kanuni yao ukikosa siku tano jina linafutwa. Siwalaumu, waliiandika ukutani kwa herufi kubwa. Sare nimeirudisha imefuliwa na kupigwa pasi. Najua ulitaka nipate cheti nikufuate huko, na najua ulivyohangaika kuniombea. Nisamehe kwa hilo angalau, maana ndilo dogo. Sista bado anakuja kila Jumapili jioni kusafisha kidonda. Mimi namshikia taa, naye ananiuliza maswali kama vile niko darasani. "Bwana Harusi, mgonjwa anageuzwa kila baada ya masaa mangapi?" Mawili, Sista. Najibu, na wiki inayofuata ananiuliza tena.

Na kweli namgeuza, Dada. Kila masaa mawili, na karatasi ya alama nimeibandika juu ya kitanda. Saa mbili anatazama ukuta, saa nne mlango, saa sita ukuta tena. Lile sponji nimelichoma moto. Dirishani siangalii tena. Namwogesha mwili mzima, naye ameacha kujifunika uso. Juzi aliniambia nina mkono mzito lakini hauna haraka. Kwa Mama, unajua, hiyo ni sifa kubwa.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Kila nikimgeuza upande wa mlango anafumbua macho na kuuliza kama umefika. Mwanzoni nilimwambia ukweli, kwamba uko mbali, uko kazini. Anaitikia vizuri tu, halafu zamu inayofuata anauliza tena. Ijumaa alikataa hata maji. Nikamuuliza kwa nini, akasema hana haja nayo, amechoka kutazama mlango mtupu. Nikamwambia uko njiani. Imenitoka tu, kama kwenye simu. Akanyanyua kichwa, akanywa nusu kikombe. Tangu siku hiyo anakula vijiko vitatu vinne, na akiwa upande wa mlango hasinzii hata kidogo.

Usitume dawa. Usitume godoro la hewa. Msamaha wako pia usiutie kwenye bahasha. Kama upo, na kama haupo, nataka kuusikia nikiwa nimesimama mbele yako. Omba ruhusa. Wakikunyima, ondoka. Mama za watu hawatakosa wa kuwageuza.

Shangazi anakusalimu sana. Alihamia hapa tulipotoka hospitali, na yeye ndiye anayenishikia zamu nikitoka kutafuta riziki, na bado anagombana na redio kama zamani. Nisalimie shemeji, mwambie nimemkumbuka. Wapwa zangu wakumbatie, na uwaambie bibi yao anawajua kwa majina, hajasahau hata mmoja. Mwenyezi Mungu akufungulie kila geti lililo mbele yako, akutoe salama na akufikishe salama.

Ni saa sita kasoro dakika tano, lazima niweke kalamu nikamgeuze ukutani. Saa nane atautazama mlango tena, na ataniuliza. Nimeshamwambia uko njiani. Dada, usinifanye mwongo.

Mdogo wako akupendaye hata ukimkasirikia,

Kitinda mimba