Mstari Niliousogeza

3 Februari

Shikamoo Baba,

Huku mimi mzima, wasiwasi wangu ni mgongo wako. Na Mama hajambo?

Majibu ya ile picha ya kichwa tuliyokupiga ulipokuja kunitembelea yametoka. Nilikueleza kazi yetu: kompyuta inachora mstari kuzunguka sehemu ndogo ya ubongo inayotunza kumbukumbu, kisha inalinganisha umbo lake na la wazee wasio na maradhi. Ubongo wako mzima, Baba. Nimekuweka kwenye kundi la mfano, wengine watapimwa kwa kichwa chako. Usianze kuringa.

Mwanao, Sindano

20 Aprili

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mzima, mgongo tu ndio mkorofi. Kuringa nimeringa: hakuna mteja asiyejua kuwa kichwa changu ni kipimo cha wengine.

Ila nimetibuka. Nilikata koti la bwana harusi, kuja kushona nakuta mikono yote miwili ni ya kushoto. Miaka arobaini kwenye cherehani! Nikajua ni mama yako kageuza kitambaa akifagia. Nikamfokea mbele ya wateja. Juzi mkasi ukapotea, nikamfokea tena, ukaja kuonekana chini ya mto wangu. Akasema eti mimi ndiye ninayesahau. Nikamwambia, "Mimi nimepimwa na kompyuta ya mwanao. Wewe kakupima nani?" Siku hizi dukani haji.

Mwandikie akapimwe.

Baba yako, fundi

2 Juni

Shikamoo Baba. Na kabla hujaendelea kusoma, mpe Mama shikamoo yangu.

Wiki sita sijakujibu kwa kuona haya. Barua tatu nimeanza nikazichana. Baba, nilikudanganya. Kompyuta ilikukataa. Ilionyesha sehemu ile imesinyaa, umbo lake si la mzee asiyeumwa. Nikasema imekosea, kwa kuwa huwa inakosea, na ikikosea tunaruhusiwa kurekebisha mstari kwa mkono. Nikausogeza wako nje, kidogo kidogo, hadi ukafanana na wa wenzako. Nilijua ninachofanya hata kabla sijamaliza.

Mama hakugusa kitambaa.

Jana nimemwambia mkuu wangu. Kazi yote inarudiwa, nami nimeondolewa kwenye kazi ya picha. Hilo nimejitakia. Lakini Mama kufokewa mbele za watu kwa sababu yangu, hilo linanikosesha pa kuficha uso. Nendeni hospitali, wote wawili.

Mwanao, Sindano

14 Juni

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeipata leo. Nimeianza nimesimama, nimeimaliza nimekaa.

Kitambaa kikipungua, fundi hasogezi chaki. Anamwambia mwenye nguo kuwa kimepungua. Hilo nilikufundisha ukiwa hata meza ya kukatia huifikii. Umenitia aibu, ila yangu ni kubwa kuliko yako, maana nilimfokea mke wangu huku najisifu. Nimekusamehe. Jioni nitamwomba radhi, ingawa hata kumtazama naona haya. Hospitali tutakwenda.

Baba yako, fundi

23 Juni

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mzima, mgongo tu ndio mkorofi. Barua yako nimeipata leo. Nimeikuta kwenye kopo la vifungo, sijui nani kaitia humo. Nimeianza nimesimama, nimeimaliza nimekaa.

Mwanangu, kitambaa kikipungua fundi hasogezi chaki. Umenitia aibu, lakini nimekusamehe.

Kwa mama yako sikungoja jioni. Nilimwita, nikavua miwani, nikajipanga na maneno, maana kuomba radhi sijazoea. Hata nusu sikufika. Akanishika mkono, akasema, "Nilishakusamehe, Baba Sindano." Kosa lenyewe nilikuwa bado sijalitaja. Sijui nani alimtangulizia habari.

Baba yako, fundi