Siku Niliyojificha Nyuma ya Zizi

Mpendwa Mama Wambui,

Tangu tukuzike hapa Mweiga, sijawahi kuwa na jambo gumu kukueleza kama hili. Naona haya hata kuanza.

Unakumbuka mwaka ule baridi ya usiku iliunguza viazi vyetu vyote? Niliketi ukingoni mwa shamba nikasema tuhamie kwa ndugu yangu Murang'a. Wewe ulikuwa umeshainama, unang'oa majani yaliyokufa. "Baba Wambui," ukaniambia, "baridi imekula majani. Mikono bado tuko nayo." Tukapanda tena. Nilikufuata kwa kukuonea haya tu. Kuamini, sikuamini.

Sasa kilichoungua ni mwili wangu. Kiharusi kilinipata kabla ya mvua, kikalegeza upande wote wa kulia. Daktari akasema nitembee kila siku hadi langoni na kurudi. Nilijaribu, mpaka asubuhi moja nikaanguka matopeni mbele ya majirani waliokuwa wakipeleka maziwa. Hakuna aliyecheka. Waliniinua kama mtoto, na hilo likaniuma kuliko kuchekwa. Tangu hapo nikamwambia binti yetu kwamba mguu umekataa kabisa, nikawa mtu wa kitanda.

Jumapili iliyopita wanakwaya wenzako walikuja kuniombea. Niliposikia sauti zao barabarani, mguu huo huo ukanibeba hadi nyuma ya zizi. Nikakalia ndoo, pumzi nimeibana, mimi mzee wa kanisa!

Wambui ndiye aliyenipata. Akautazama mguu, akauliza polepole, "Baba, kwani unaweza kutembea?"

Alifunga kibanda chake cha ushonaji kule Nyeri ili aje kuniogesha.

"Naogopa kuanguka tena," nikasema.

"Hata mimi naogopa, Baba. Kila siku." Akanipa bega.

Tukaingia nyumbani nikiburuta mguu. Niliwaambia wageni nilikokuwa. Mama Njeri, yule rafiki yako wa sauti ya kwanza, akasogea kwenye benchi. "Keti, mzee. Chai inapoa."

Jana nilifika langoni. Kurudi kulinishinda, nikakaa kwenye nyasi nikilia hadi Wambui akaja. Sitakudanganya kwamba moyo umepona. Lakini leo nimemwomba akafungue kibanda chake, hata kama ni nusu siku. Ameondoka asubuhi, akigeuka kunitazama kila hatua, nami nimesimama mlangoni mpaka akapotea.

Pumzika, mke wangu.

Ni mimi mume wako,
Baba Wambui