Mwambie Baba Huji

Kaminoyama, Yamagata,
18 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Tatsuya,

Hujambo huko Okinawa? Mtoto amepona mafua? Huku baridi imeanza kuuma. Mimi ni mzima, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Barua hii naituma kwa faksi ya dukani hadi kazini kwako, maana kwenye simu ningelia, na Baba angesikia.

Unakumbuka alivyolalamika kwamba mikono haipandi? Tulimcheka, tukasema ni bega la uzee, litapoa lenyewe. Vifundo vya vidole vilipokuwa vyekundu, tukasingizia kumenya yale matunda, persimoni. Mwaka huu ameshindwa kuzitundika chini ya paa zikauke. Nimetundika mimi, yeye kaketi ananikosoa: "We Chizuru, hizo kamba umefunga kama viatu vya shule!"

Kumbe si bega. Kinga ya mwili wake imegeuka, inashambulia misuli na ngozi yake mwenyewe. Kwenye damu wamekuta alama ambayo, anasema daktari, mara nyingi hutangulia ugonjwa wa mapafu, tena ule unaokwenda mbio. Picha ya kifua bado ni safi, lakini vipimo vya damu vinazidi kupanda. Daktari anataka alazwe sasa, aanze dawa kali kabla mapafu hayajaguswa.

Baba hataki. "Sikohoi, sitweti, nilazwe kwa ajili ya karatasi?" Juzi akaupuliza mshumaa wa marehemu Mama pale kwenye madhabahu ya nyumbani, ukazimika mara moja. "Umeona mapafu hayo?" Baba huyuhuyu aliyetuchapa utotoni kwa kupuliza mishumaa ya madhabahu badala ya kuizima kwa kupepea mkono! Nilicheka, kisha nikaenda kulia jikoni.

Anasema ataingia hospitali baada ya Mwaka Mpya, ukishakuja na mjukuu. Basi nakuomba, mwambie huji. Singizia kazi. Atakununia, mwache anune. Akikosa wa kumngoja, atakwenda. Akishalazwa, panda ndege.

Shangazi Fumie anakusalimu. Msalimie wifi yangu Mayumi, umbusu mtoto. Mama awaangalie nyote huko mliko.

Dada yako akupendaye na aliyechoka,
Chizuru

Nilikuwa navaa viatu niende dukani, Baba akakohoa. Anasema ni moshi wa ubani. Leo sijawasha ubani.