Kiota Kwenye Bomba la Hita

Butte, Montana

Kwako Babu Orville,

Shikamoo. Theluji ya kwanza ilianguka jana. Mama alitaka kuuza trela lako la kulala safarini kwa sababu hita yake ya gesi ilikataa kuwaka. Feni ilizunguka, ikalia tik tik, kisha kimya.

"Hiyo imekufa, Maren," alisema. "Au utaifufua kwa vitabu vyako?"

Nilifunga gesi, nikachungulia bomba la moshi kule nje. Lilikuwa limejaa tope la kiota cha nyigu. Ulisema wanapenda harufu ya gesi, ndiyo maana kila theluji ilipoyeyuka ulifunika tundu lile kwa wavu, nami nikikushikia bisibisi. Mwaka huu theluji ilipoyeyuka ulikuwa tayari hospitalini, na hakuna aliyekumbuka.

Nilikwangua tope lote, nikafungua gesi. Moto ukashika, vuu! Ikaja ile harufu ya vumbi linaloungua, harufu ya asubuhi zetu zote za safari. Mama akakaa kwenye kiti chako, akavua koti.

"Haya basi," akasema polepole, "tumsubiri mwenyewe."

Wavu nimeufunga. Bisibisi nimeirudisha kwenye droo ya vijiko, unapoiweka wewe siku zote. Safari hii Mama hakugomba.

Mjukuu wako anayekungoja,
Maren